Jinsi ya kujitengenezea gari nyumbani bila kumkimbilia fundi kwa kila kitu (niko Arusha, natumia IST)

Hii naiandika kwa wenye Toyota ndogo, IST, Vitz, Premio, Carina na vigari vya namna hiyo, wale ambao kila mwezi hela inaishia gereji na gari bado inatoa mlio uleule. Mi sio fundi. Kazi yangu ni ya kukaa ofisini na mikono yangu ilikua laini kabisa mpaka miaka mitatu iliyopita, sa hivi kuna grisi kwenye kucha haitoki hata kwa sabuni ya unga na mchanga, mke wangu alishalalamika mpaka akachoka.

Kilichonianzisha ni rangi ya kucha. Kuna gereji moja nilikua naipeleka gari kila servisi, siku moja jamaa yangu akaniambia we kabla hujaenda weka alama kwenye filta ya oili uone. Nikachukua rangi ya kucha nyekundu ya mke wangu, nikajilaza chini ya gari pale uwani, nikaweka nukta moja ubavuni mwa filta, ndogo kama punje ya mtama. Nikapeleka gari, nikaiacha, nikaenda zangu kunywa supu, narudi naambiwa tayari bosi, oili mpya filta mpya. Nikalipa. Kufika nyumbani Moshono nikajilaza tena na tochi ya simu, nukta ile pale, inanitazama. Filta niliyoilipia sijui iko kwenye gari ya nani.

Sikurudi kugombana. Ukirudi unaambiwa kijana alisahau bosi, lete tubadilishe, wanakubadilishia kweli afu siku nyingine unapigwa sehemu nyingine usiyoiona. Nilichofanya nikanunua spana ya 14.

Na nisieleweke vibaya, mafundi wazuri wapo, kuna wazee Unga Limited wanaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni wanakwambia bering gani imekufa. Ila kazi nyingi tunazowapelekea sio za kipimo chao, ni kazi za kufungua bolti mbili na kurudisha bolti mbili. Na hasara yenyewe haiko kwenye hela ya ufundi, ufundi kwetu ni hela ndogo tu. Hasara iko kwenye spea. Unanunua kitu ambacho hakijaharibika, au unawekewa feki kwa bei ya orijino, au kizuri chako kinachomolewa kinaenda kwa mwingine. Kwa iyo hata ukisema kazi yenyewe huiwezi, ukijua tu nini kimekufa na nini kizima kabla hujatoa hela, umeshaokoa pesa nyingi kuliko ya spana.

VIFAA

Usikurupuke kununua lile sanduku la vipande mia mbili, nusu yake hutaligusa mpaka unazeeka. Toyota ndogo karibu zote zinafunguka kwa spana za milimita 10, 12 na 14, ukiongeza 8, 17 na 19 umemaliza mjini. Soketi za size hizo na mpini wake wa kukaza mbele nyuma, na ekstensheni moja ndefu. Wili spana ya 21 kwa nati za tairi. Soketi ya plagi (kile kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta) ya 16, ile ndefu yenye mpira ndani wa kushika plagi isidondoke. Bisibisi mbili, plaizi, multimita ya kawaida, beseni la kukingia oili (langu nililitoa soko la Kilombero, la kufulia tu), faneli unakata chupa ya maji, na taa ya kuvaa kichwani kwa sababu simu ukiishika kwa meno itadondokea kwenye oili, nimeshajaribu.

Soketi ya 10 nunua tatu. Hutanielewa leo.

Kitu kimoja cha kutokubania hela ni stendi za kuegeshea gari, mbili. Na hapo nakuja kwenye jambo la kwanza kabisa ambalo silifanyii utani.

KUINUA GARI

Jeki ni ya kuinulia, sio ya kushikilia. Usiingie chini ya gari iliyokaa kwenye jeki peke yake hata kama ni sekunde kumi za kuokota nati. Tafuta sehemu tambarare na ngumu, sio udongo mwekundu wa Moshono siku ya mvua ambako jeki inazama yenyewe. Vuta hendibreki, weka P, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za upande usioinuliwa. Kama unatoa tairi legeza nati wakati tairi bado liko chini, ukishainua tairi litazunguka na we ndo utakua unalifukuza. Chini ya ubavu wa gari, nyuma kidogo ya tairi la mbele, utaona pamekatwa alama mbili ndogo kwenye bati, katikati ya hizo alama ndo pa jeki, ukiweka kwingine unakunja bati. Inua, weka stendi sehemu ngumu ya bodi, shusha gari ikae kwenye stendi, afu isukume kwa mkono kwa nguvu. Ikitikisika vibaya bora ianguke sasa hivi kuliko ukiwa ndani.

Mi bado naweka na tairi la spea limelala chini ya bodi. Mke wangu anasema naogopa sana. Ndio naogopa.

OILI

Hii ndo ya kuanzia, ina faida kila baada ya miezi michache na ni ngumu kuiharibu. Washa gari dakika tano oili ipate joto iwe nyepesi, isiwe ya kuunguza. Zima, inua, egesha. Chini ya sampo (lile bakuli la oili chini ya injini) kuna bolti ya 14, weka beseni, ilegeze, dakika ya mwisho izungushe kwa vidole huku unaisukumia juu kama unaizuia isitoke, afu itoe kwa haraka pembeni, vinginevyo oili itakushuka mpaka kwapani. Iache idondoke robo saa. Wengi gereji wanaacha dakika mbili wakafunga, ile nyeusi iliyobaki inachanganyika na mpya yako.

Angalia hiyo bolti. Ina wosha, badilisha wosha kila mara, ni hela ya pipi. Unaporudisha anza kwa vidole, ikikataa usilazimishe, toa anza upya, kwa sababu sampo nyingi ni laini na nyuzi zikiliwa hapo utatafuta sampo nyingine. Ukishafika mwisho kaza kwa spana fupi kwa mkono mmoja, nguvu ya kawaida. Kwa mwenye spana ya kipimo (ile inayopima nguvu ya kukaza) ni kama Nm 37. Vijana wa gereji wanakaza kwa bomba la futi tatu afu servisi ijayo wanakuambia sampo imekufa.

Filta ni kile kikopo karibu na sampo. Kinafunguka kwa mkono, kikigoma zungushia kipande cha sandpepa ndo ushike. Kikitoka angalia mpira wake umetoka nacho, wakati mwingine mpira wa zamani unabaki umeng'ang'ania kwenye injini, ukifunga filta mpya juu yake mipira inakua miwili na oili yote inamwagika ukiwa barabarani. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ikishagusa ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Kwa mkono, bila spana yoyote.

Sasa kumimina. Injini ya 1NZ ya IST inataka lita 3.7 ukiwa umebadilisha na filta. Gudulia ni lita 4. Kila fundi anamwaga gudulia zima kwa sababu ndo lilivyokuja, na oili ikizidi sana inapigwa povu na inatafuta pa kutokea kwenye sili. Bakiza kama glasi moja, itakufaa kwa kujazia. 5W-30 inatosha. Ukimaliza washa, taa ya oili izime ndani ya sekunde chache, chungulia chini kama inavuja, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti.

Oili feki ni janga jingine. Nunua lenye sili na ukate mwenyewe, na ukimaliza toboa gudulia kwa msumari kabla ya kulitupa, kwa sababu yale matupu yanaokotwa yanajazwa upya yanarudi dukani. Na oili chafu usiimwage kwenye mfereji, inaenda mto Themi moja kwa moja na huko chini kuna watu wanamwagilia mboga unazokula we mwenyewe. Mimi naikusanya kwenye madumu nampa jirani anapaka miti ya banda lake isiliwe na mchwa.

FILTA YA HEWA

Haraka haraka: fungua klipi, toa, iangalie kwenye mwanga wa jua, kama mwanga haupiti imekufa. Kwa vumbi letu, hasa kama unakaa barabara isiyo na lami, usisubiri kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, kile kitabu kiliandikiwa Japani. Unaweza kuigonga taratibu ili mavumbi yadondoke ila usiioshe na maji, ni karatasi ile.

GARI INAPIGA MISI (NA WANAKUAMBIA NI GIA BOKSI)

Kupiga misi ni silinda moja kukosa kuwaka. Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndo watu wanapigwa pesa ndefu.

Shemeji yangu yuko Moshi, Pasua, ana IST kama yangu. Gari ikaanza kugoma kwenye mlima, ukienda Kibosho inatikisika kama inakohoa, ukiwa sailensa (gari imesimama injini inanguruma) usukani unatetemeka. Akapeleka kwa fundi, fundi akaizungusha mtaa mmoja akarudi na jibu, gia boksi imekwisha, atafute ya mtumba. Shemeji akanipigia kuniuliza kama Arusha zinapatikana kwa bei gani.

Nikamwambia shem usinunue chochote, Jumamosi nakuja. Nikapanda Kosta na begi la spana mapajani, watu wanajua naenda kuiba.

Tukaiweka gari chini ya mwembe, injini ya baridi. IST ya 1NZ ina koili nne (vidude vinavyopeleka umeme mkali kwenye plagi), kila plagi na koili yake juu, zimepangwa mstari mmoja, ya kwanza ni ile ya upande wa belti. Kila koili ina soketi ya waya na bolti moja ya 10. Tukafanya hivi: gari imezimwa, natoa waya wa koili namba moja, washa, sikiliza. Injini ikatetemeka zaidi, vizuri, maana yake hiyo ilikua inafanya kazi. Zima, rudisha waya, toa wa namba mbili, washa. Hamna kilichobadilika. Sauti ileile, tetemeko lilelile. Shemeji akaniangalia. "Mbona haijabadilika shem?" Nikamwambia ndo hapo hapo tulipopatafuta, ile ilikua imekufa siku nyingi, hata ukiitoa injini haina habari. (Usiiache ikinguruma hivyo muda mrefu, sekunde chache tu za kusikiliza, mafuta yasiyoungua yanaenda kuua masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi.)

Ila bado hujajua kama ni koili, plagi au nozeli ya kupulizia mafuta. Kwa iyo hamisha: chukua koili ya namba mbili peleka namba tatu, ya tatu ilete namba mbili, kila kitu kingine kibaki. Rudia kipimo. Sasa namba mbili ikitolewa waya injini inalia, namba tatu ikitolewa haina habari. Ugonjwa umehama na koili. Kwa iyo ni koili. Ingebaki palepale namba mbili ungehamisha plagi, na hiyo nayo isipohama ndo unaanza kufikiria nozeli.

Tulipoigeuza ile koili tukaona kwenye mpira wake mrefu kuna kistari cheusi chembamba kama unywele umeandikwa kwa penseli, kutoka juu mpaka chini. Hapo ndo umeme ulikua unatorokea kwenye chuma badala ya kwenda kwenye plagi. Koili moja. Shemeji akakishika kile kidude akakigeuzageuza, akasema tu "aisee", afu akaenda kutuletea ndizi nyama.

Kama una kile kidude cha kusoma kodi (namba za ugonjwa zilizo kwenye kompyuta ya gari) kwa bluetooth na simu, ni rahisi zaidi, kodi ya P0302 maana yake namba mbili inapiga misi, ukihamisha koili na kodi ikawa P0303 umeshamaliza. Ila baadhi ya gari za Japani za miaka ya mwanzo ya 2000 hazikubali kuongea na vidude vya bei rahisi, usikivunje ukutani, tumia njia ya masikio.

Ukiwa unatoa plagi, kwanza puliza mchanga kwenye shimo, ukidondokea ndani ya silinda ni habari nyingine. Injini iwe ya baridi. Plagi mpya ianze kwa mkono na ekstensheni tu bila mpini, ikishagota yenyewe ongeza nusu mzunguko, inatosha, kichwa cha injini ni alminiamu. Ukikuta shimo la plagi limejaa oili, sio plagi mbovu, ni sili za kava la juu zimechoka, na hizo zinabadilishika kwa soketi ya 10 pia.

BETRI

Asubuhi za mwezi wa saba Arusha gari inapiga ngwe-ngwe-ngwe halafu kimya, na mtu anakimbilia kununua betri. Fungua boneti kwanza. Ukiona unga mweupe wa kijani kwenye taminali, hiyo ndo inazuia umeme. Toa waya wa hasi kwanza (wa kurudisha wa mwisho ni huohuo), chukua magadi, haya haya ya kulainishia makande, koroga kwenye maji ya moto, mwagia kidogo kidogo. Itachemka povu kama omo, ni magadi yanaua asidi. Suuza, kausha, piga sandpepa, funga, paka grisi juu. Ujanja huu nilifundishwa na bibi mmoja ambae hajawahi hata kuendesha gari.

Afu chukua multimita. Gari imelala usiku mzima, betri zima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0 imeisha chaji. Washa gari, isome tena, inatakiwa 13.8 mpaka 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu huku injini inawaka, betri yako haina kosa, altaneta haichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa baada ya siku mbili. Mtu aone idadi ya betri nzima zilizobadilishwa kwa kosa la altaneta, atalia.

REJETA

Maji yanachemka nyuzi 100 ukiwa Tanga. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 hivi, na injini yenyewe inapenda kufanya kazi huko huko karibu na 90. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta, ule una springi inayoshikilia presha ndo maji hayachemki. Kwa iyo gari ikianza kupandisha joto na maji hayavuji, badilisha mfuniko kwanza kabla ya kununua rejeta. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, nimemuona mtu ameungua kifua chote kwa haraka ya kuongeza maji.

Tumia kulanti (maji maalumu ya rejeta), maji ya bomba yetu yana chumvichumvi na floridi, meno yetu ni mashahidi, hebu fikiria mirija ya rejeta.

Kuna hii ya "toa thamostati, ile ni ya nchi za baridi". Watu wameitoa nchi nzima. Thamostati, kile kizuizi kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ndo inaifanya injini ifike joto lake haraka, ukiitoa, asubuhi ya baridi injini inatembea mpaka Usa River bado haijapata joto, kompyuta inadhani ndo kwanza umeiwasha inaendelea kumwaga mafuta, afu unalalamika IST inakunywa. Kama imekufa weka mpya.

PEDI ZA BREKI

Hii fanya ukishazoea zile za juu, na mara ya kwanza uwe na mtu anaejua pembeni. Dalili ni mlio mwembamba wa chuma ukikanyaga, au ukichungulia kati ya matundu ya rimu unaona nyama ya pedi imebaki chini ya milimita 3.

Toa tairi. Kalipa (kile kibano kinachobana pedi kwenye diski) imeshikwa na bolti mbili kwa nyuma, za 12 au 14 kutegemea gari, toa ya chini, inyanyue kalipa juu kama mdomo wa mamba. Kama unaitoa yote ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki. Toa pedi, kumbuka zilivyokaa, piga picha. Kisha pistoni lazima irudi ndani ndo pedi mpya nene ziingie: legeza kifuniko cha mafuta ya breki, weka pedi ya zamani juu ya pistoni, ibane taratibu na klampu, huku unachungulia kule juu mafuta yasifurike, yanakula rangi. Zile pini mbili za kuteleza zitoe, zifute, zipake grisi ya breki, sio grisi ya bering. Pini zikikauka ndo unakuta pedi moja imeisha na ya pili ni mpya kabisa. Kubadilisha ni pande zote mbili, kulia na kushoto, siku hiyo hiyo.

Sasa sikiliza. Ukishafunga kila kitu, kabla hujawasha gari, kanyaga breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Mimi mara ya kwanza nilisahau. Nikawasha kwa furaha, nikaweka D nisogee mbele kidogo tu pale uwani, nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama haipo. Pistoni ilikua bado iko ndani kule, haijagusa kitu. Nikavuta hendibreki gari ikiwa imeshaingia kwenye migomba ya mama mwenye nyumba, mmoja ukalala na mkungu wake. Mama akatoka na kanga yake, akauangalia mgomba, akaniangalia mimi nilivyojaa grisi.

"Mwanangu, mgomba wangu umekukosea nini?"

"Shikamoo mama. Ni breki."

"Marahaba. Si ulisema umetengeneza?"

Ule mkungu nilinunua. Kanyaga breki kwanza. Afu jaribu kwa mwendo wa kinyonga ndani ya uwa kabla hujatoka barabarani, na siku hizo za mwanzo usiende kuzijaribia kwenye mteremko.

VYA KUTOGUSA

Waya za njano ni za eabegi, achana nazo. Waya za rangi ya chungwa kwenye gari za haibridi zina umeme wa kuua. Springi za shokapu zimebanwa kwa nguvu zinaweza kukutoa taya kama huna vifaa vyake. Ndani ya gia boksi, gesi ya AC, usukani wa ndani, wilalaimenti, hizo peleka. Ila hata gia boksi, oili yake angalia we mwenyewe inayotakiwa, kwenye Toyota nyingi imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, mfano T-IV, soma ndo uende dukani, usikubali "hii inaingia gari zote".

Na ukipeleka kwa fundi, nunua spea mwenyewe, na uende dukani na kile kibovu mkononi ukilinganishe. Kaa pale pale kwenye benchi, supu utakunywa siku nyingine. Omba vya zamani uondoke navyo. Andika kwenye daftari kilomita na kilichofanyika, la kwangu linakaa kwenye dashibodi limeshaloa oili lakini linasomeka.

Juzi nilipeleka yangu kwa mzee mmoja Unga Limited, kubadilisha bushi za mbele, hizo zinataka presi na mi sina. Mzee kaingia chini, kimya kidogo, afu nasikia, "Kijana, hii nukta nyekundu kwenye filta ni ya nini?"

Nikaona aibu ila nikamwambia ukweli. Akacheka mpaka akatoka chini akakaa kwenye tairi. Akamwita kijana wake alete boksi la filta za zamani, akanionesha moja imekwaruzwa X na msumari, nyingine ina peni ya bluu, nyingine mtu kaandika kabisa na tarehe.

"Mnatupa mtihani kila siku," akasema, akarudi chini.

Bushi zikafungwa, na zile za zamani akanifungia kwenye gazeti kabla sijaziomba.